Shamba la pwani, kwanza kisima

Mhariri,

Wanaowashauri watu wahamie mashamba ya pwani, wajilimie na kujiwekea akiba ya siku za dharura, huzungumzia sana udongo na mandhari. Kisima hukimaliza kwa maneno mawili: maji yapo. Ni kweli yapo, lakini yatabaki matamu mpaka lini?

Chini ya ardhi ya pwani maji matamu huelea juu ya yale ya bahari kwa sababu ni mepesi kidogo. Kwa makadirio, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina nyingine 40 chini ya usawa huo. Basi pampu ikishusha maji kwa nusu mita tu na kuyaacha hapo, kwa hesabu hiyo chumvi hupanda mita 20. Ikishaingia kisimani, haiondoki kwa mvua za msimu mmoja.

Kwa hiyo anayekagua shamba aende mwisho wa kiangazi, tena siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida. Awashe pampu saa 4 mfululizo, akinge chupa moja mwanzoni na nyingine kila saa, apime zote kwa kipima chumvi cha mkononi. Kipimo kikizidi kupanda chupa kwa chupa, atafute shamba jingine. Ulimi hautoshi: maharage huanza kupunguza mavuno maji yakiwa na takribani miligramu 450 za chumvi kwa lita, na wengi wakiyanywa hayo hawahisi kitu.

Akiba ya kweli iko juu ya paa. Watu 5 wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, kiangazi cha siku 120 kinadai lita 12,000. Paa la mita 60 za mraba, hata moja ya tano ya mvua ikipotea, hukusanya kiasi hicho kwa milimita 250 za mvua. Paa basi si tatizo. Tatizo ni tangi la lita 1,000 ambalo watu huliona kubwa, kumbe ni maji ya siku 10. Nalo lifungwe imara kwenye msingi, maana mafuriko yakija tangi tupu huelea na kung'oa mabomba yake.

Choo kikae mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, yakipimwa wakati wa masika. Sehemu za mabondeni hilo haliwezekani. Huko kijengwe choo cha kuinuliwa.

Mwisho, barabara. Nyumba inaweza kuwa kilimani salama huku daraja la pekee likiwa bondeni. Mkaguzi atazame mwani na takataka zilizonasa kwenye ua na matawi karibu na daraja hilo, apime mafuriko yalizifikisha juu kiasi gani.

Fundi visima