Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Majina Yetu Kwenye Makala

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atawasomea Mweka Hazina, nazo hazina mgogoro. Mimi nitazungumzia jambo lililoletwa mbele ya kamati kuliko jingine lolote mwaka huu: nani anaandikwa kama mwandishi kwenye makala za utafiti, na jina lake linakaa wapi.

Makala za utafiti wa tiba zenye mwandishi mmoja zimekuwa adimu. Mwaka 2021 makala moja kuhusu chanjo ya UVIKO-19 na usalama wa upasuaji ilitoka ikiwa na waandishi zaidi ya 15,000. Hata hapa kwetu, majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalifanyika katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Korogwe, Bagamoyo na Kilifi vikiwemo. Kazi kama hiyo haifanywi na mtu mmoja.

Ila wingi wa majina usitupumbaze. Jina la kwanza ni la aliyebeba kazi, la mwisho ni la kiongozi, na katikati ndiko tunakosongamana sisi Waafrika. Uchambuzi uliochapishwa 2019 ulipitia makala 7,100 za utafiti wa afya Afrika. Kwa jumla, waandishi wa kwanza waliotoka katika nchi iliyotafitiwa walizidi nusu kidogo. Pale vyuo vikuu vya juu vya Marekani vilipokuwa wabia, walishuka hadi asilimia 23.

Mwanachama mmoja, fundi sanifu wa maabara, alisimamia sampuli za mradi tangu mwanzo hadi mwisho. Makala ilipotoka, alijikuta kwenye aya ya shukrani. Jibu alilopewa: hukuchangia kuandika. Rasimu hakutumiwa, angechangia vipi? Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ina masharti manne ya uandishi: kuchangia utafiti wenyewe, kuandika au kuhakiki rasimu, kuridhia toleo la mwisho, na kuwajibika kwa kazi. Lakini inasema pia kwamba aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kutimiza mengine. Kipengele hicho wengi hawakisomi.

Na tusilaumu wageni peke yao. Tangu 2023 ICMJE imekataza programu za akili mnemba kuandikwa kama waandishi, kwa kuwa haziwezi kuwajibika. Sasa yule bosi anayewekwa kwa heshima tu, bila kufungua rasimu, tumweke fungu gani?

Kamati inaleta kwenu fomu ya makubaliano ya uandishi, ya kurasa mbili, isainiwe na pande zote kabla sampuli ya kwanza haijachukuliwa, na ipitiwe upya kila majukumu yanapobadilika. Wapo wanaohofia kwamba wafadhili watakimbia; hoja hiyo tutaisikiliza leo kabla ya kupiga kura. Nakala ziko mezani kwa Katibu.