Yule bibi uliyeniuliza

Mombasa, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi sana. Mama hajambo? Na lile goti lake? Huku sote wazima, joto tu ndilo linalotusumbua, na umeme ukikatika basi tena, tunahamia barazani na pepeo zetu.

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza yule bibi wa Game of Thrones, Olenna Tyrell, yule anayewasema wanaume mpaka wanakosa pa kutazama, ni nani hasa, na ukasema ujana wake lazima alikuwa moto. Umepatia. Ni Diana Rigg, Mwingereza, amefariki Septemba 2020 akiwa na miaka 82. Na kabla hata mimi na wewe hatujazaliwa alikuwa Emma Peel, kwenye tamthilia ya upelelezi iitwayo The Avengers. Usije ukanitafutia ile ya akina Iron Man! Hii ilianza kuonyeshwa Uingereza Januari 1961 kwenye kituo cha ITV, ikaisha 1969 baada ya vipindi 161. Nimekuwa nikiitazama mtandaoni usiku watoto wakilala, na baba Salma anasema nimechanganyikiwa.

Sasa ngoja nikupe mambo. Mwanzoni nyota alikuwa Ian Hendry, aliyecheza kama daktari ambaye mchumba wake anauawa na wauza unga, naye anaapa kulipa kisasi. Patrick Macnee alikuwa pembeni tu, jamaa wa siri aitwaye John Steed, na koti lake la mvua. Hendry akaondoka, Macnee akabaki mpaka mwisho. Huyo mchumba aliyeuawa kipindi cha kwanza, Catherine Woodville, baadaye Macnee alimwoa kweli. Ukitaka kuuona msimu huo wa kwanza utahangaika: ulikuwa na vipindi 26, na vilivyobaki vizima ni vitatu. Kimoja kilipatikana 2016. Mikanda haikutunzwa, basi.

Macnee huyu nampenda bure. Kofia nyeusi ya mviringo, suti iliyokaa, mwavuli mkononi, na adabu hata kwa mtu anayetaka kumuua. Vita Kuu ya Pili alikuwa mwanamaji kwenye boti za kurusha topido. Akaugua kifua, akalazwa, na alipokuwa hospitalini boti yake ikaangamia na wenzake ndani. Ndiyo sababu alipoambiwa Steed abebe bastola alikataa. Walimuuliza, utabeba nini sasa? Akasema, mwavuli. Basi ule mwavuli unaouona, ambao watu wanaudhani ni mapambo, umetokana na mtu aliyeona maiti za kutosha.

Lakini nilichokaa kukuandikia hasa kinahusu mwanamke aliyekuja kabla ya Diana. Honor Blackman, aliyecheza kama Cathy Gale kuanzia Septemba 1962. Kabla yake, mwanamke kwenye tamthilia za upelelezi kazi yake ilikuwa kupiga mayowe na kuokolewa. Baadhi ya hadithi za mwanzo zilikuwa zimeandikwa kwa ajili ya yule daktari, mwanamume, nazo hawakuzigeuza sana. Wakampa Blackman maneno yale yale. Matokeo yake anazungumza na Steed uso kwa uso, anambishia, anamkatalia. Na anapigana judo ya kweli, alifundishwa. Kuna kipindi cha 1964, kinaitwa Mandrake, anapigana makaburini na mwanamieleka mashuhuri wa huko, Jackie Pallo. Siku ya kurekodi alimpiga teke, jamaa akatumbukia kwenye kaburi lililochimbwa kwa ajili ya picha, akazimia dakika kadhaa. Ukikitazama, lile anguko unaliona kabisa, na huwezi kusema ni la kuigiza. Zile nguo zake za ngozi zilizovumishwa nazo zilitokana na mapambano hayo hayo: suruali za kawaida zilikuwa zikipasuka akirusha miguu.

Sasa sikiliza hili, Zuhura. Cathy Gale huyu waandishi walimpa historia. Msomi, mwanaanthropolojia, mjane. Mjane wa nani? Wa mlowezi mwenye shamba Kenya, aliyeuawa na Mau Mau.

Nilisimamisha picha nikamwita baba Salma. Unajua nyanya yake ni wa Nyeri. Alitolewa kwake kwa nguvu, akawekwa kwenye vile vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa, na mpaka anakufa alikuwa hapendi kusikia filimbi. Baba Salma akasikiliza, akauliza jambo moja tu: "Na huyo mjane wetu sisi, yuko tamthilia gani?" Akarudi kulala.

Walowezi raia waliouawa katika vita vile walikuwa 32. Waafrika walionyongwa na serikali ya kikoloni walikuwa zaidi ya elfu moja, na huko ni kunyongwa tu, sijagusa waliofia kambini na msituni. Lakini mtazamaji wa Uingereza 1962 alikuwa amezijua habari hizo kupitia magazeti yake, picha za mama wa Kizungu na bastola kiunoni kwenye veranda ya shamba. Ukitaka mwanamke anayeaminika akishika silaha, asiyeogopa na asiye na mume wa kumzuia, ulikuwa ukimchukua huko. Hilo ndilo linalonichoma. Huyu mwanamke ninayempenda, wa kwanza kusimama kwa miguu yake kwenye televisheni yao, ushujaa wake ulichotwa kwetu, na sisi hatumo. Desemba 1963 tulipopandisha bendera, msimu wake wa pili ulikuwa hewani kule, mjane wa Kenya kila wiki sebuleni kwa watu.

Na kutokuwemo kwetu hakukuwa kusahauliwa. Brian Clemens, mwandishi na mtayarishaji mkubwa wa tamthilia hiyo, alisema waziwazi baadaye kwamba Uingereza yao ilikuwa ya ndoto, tabaka la juu peke yake: hakuna polisi wa sare, hakuna damu, hakuna mtu mweusi. Maana, kwa maelezo yake, ukimwingiza mmoja wa hao, maisha ya kweli yanaingia naye na ndoto inavunjika. Angalau hakuficha. Mimi nilipolijua hilo nilianza kuitazama kwa jicho jingine: mitaa mitupu, vijiji visivyo na watu, bwana mmoja na bibi mmoja na maiti yenye nguo safi. Nzuri mno, na inatisha kidogo.

Haya, turudi kwa bibi yako. Blackman aliondoka 1964 akaenda kucheza Goldfinger, filamu ya James Bond. Mahali pake wakampa mwigizaji mwingine kwanza, hakuwafaa, ndipo wakamchukua Diana Rigg kutoka jukwaa la Shakespeare. Alianza kuonekana 1965. Emma Peel ana akili, ana fedha zake, anaendesha Lotus ndogo isiyo na paa, na anapigana huku anatabasamu. Marekani wakainunua tamthilia, ikapata rangi, Diana akawa maarufu dunia nzima. Lakini aligundua kwamba analipwa chini ya mshika kamera. Akadai. Unajua magazeti yalimwitaje? Mpenda pesa. Uzeeni alisema hakuna mwanamke hata mmoja katika kazi ile aliyesimama naye. Wakamwongeza, akamaliza msimu mwingine, akaaga. Naye pia akaingia kwa James Bond, 1969.

Kuagana kwao na Steed ndiko kulikonitoa machozi, nami silii ovyo. Mume wa Emma, rubani aliyedhaniwa amekufa kwenye msitu wa Amazon, amepatikana. Miaka yote ni "Mrs. Peel", "Mrs. Peel", siku hiyo Steed anamwita Emma. Anashuka ngazi, anapishana na Tara King, msichana anayekuja kuchukua nafasi yake, na neno analomwachia ni jinsi Steed anavyopenda chai yake ikorogwe: kinyume na mwendo wa saa. Basi. Akatoka. Steed dirishani anamwona huyo mume, na yuko vilevile kama yeye, kofia na mwavuli!

Vipindi vya Tara ruka kwa sasa, Linda Thorson aliyemcheza hakupewa hadithi nzuri. Anza na The House That Jack Built, ya 1966, haina rangi. Emma anarithishwa nyumba, anaingia, na nyumba inakuwa mtambo wa kumtia wazimu. Steed karibu hayupo, msichana anajitoa mwenyewe. Ukimaliza hiyo tazama Mandrake, umwone Cathy. Usiitazame na watoto, si kwa ubaya, watakusumbua kwa nini haina rangi.

Nikumbushe bei ya zile kanga za Tanga ulizoniambia, harusi ya Mwanajuma imesogezwa mbele na doti mbili nilizonazo hazitoshi. Msalimie mama, na mwambie asiache kukanda goti kwa mafuta ya moto.

Wako,
Mama Salma