Mwanangu njoo tupande mlima

Asalam aleikum mwanangu. Juzi ulivyopiga nikakwambia nimechoka ukadhani naumwa, siumwi baba, nilikuwa ndo nimerudi kutoka Lushoto kupanda mlima na wenzangu wa joging, sasa nimekaa nikuandikie vizuri maana nataka na wewe uje.

Tulitoka Ngamiani hapa Tanga usiku na Kosta, Muheza, Segera, Korogwe, alfajiri tukaswali Mombo halafu ndo zile kona za kupandia Soni, kilomita kama 33 tu mpaka Lushoto lakini unashika kiti muda wote. Tukaingia msitu wa Magamba, tukalipa kiingilio, tukapewa kijana wa Kisambaa wa kutuongoza. Kilele chenyewe kinaitwa Kigulu Hakwewa, mita 2,230, na sisi tunaishi hapa usawa wa bahari mwanangu, kule juu hewa nyepesi, pumzi unaitafuta kabisa. Na baridi! Jasho linakutoka huku mikono imekufa ganzi.

Ila msitu ule, mashallah. Miti ya mikulo mirefu mpaka shingo inauma ukiitazama, mbega wanaruka juu huko na mikia yao yenye ncha nyeupe, ukungu unapita katikati ya miti. Ule ukungu ni upepo wa huku kwetu baharini unapanda mlimani unapoa, ndo maana milima ile haikauki, hata maji ya mto Zigi tunayokunywa hapa Tanga yanatoka Usambara, ile ya mashariki. Wanaokata ile miti wananiuma roho sana.

Sasa sikiliza nilichotaka kukwambia. Kiongozi wetu aliwaweka mbele wale wanaotembea taratibu, vijana wenye nguvu nyuma, na hakuna ruhusa ya kumpita mtu. Ukishindwa kumaliza sentensi moja bila kuhema basi mnapunguza mwendo wote. Kuna baba mmoja misuli ya mguu ikambana karibu na kileleni akawa analia kabisa, kundi zima likakaa chini, huyu anamkanda, yule anamkorogea maji ya chumvi na sukari, mwingine kambebea begi mpaka mwisho wa safari na wala hawajuani kwao. Mimi pale nikakuwaza wewe tu. Kila nikikupigia huko Dar uko ndani peke yako, umetoka ofisini umelala, wikiendi umelala, unasema mama huku sina watu. Hawa ni watu mwanangu, nawajua.

Kupanda utaweza, kazi iko kwenye kushuka, magoti yanabeba mwili wote, mapaja yanatetemeka, vidole vinagonga mbele ya kiatu, mimi ngazi za nyumbani bado nashuka kiubavu. Kwa hiyo anza sasa hivi, ofisini kwenu acha lifti, panda na ushuke kwa miguu kila siku, kushuka ndo muhimu zaidi.

Jina lako nimeshampa kiongozi, wanarudi tena Magamba ukipata likizo. Viatu usinunue vya kukubana, viache nafasi mbele ya kidole gumba na soli iwe na meno, uvivae mapema vizoee mguu. Sweta lete, na koti la mvua, la marehemu baba yako limeshachanika. Mihogo na tende za njiani nitafunga mimi.

Mama yako