Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Eksiti za CICS na Miito ya XPI

Ndugu wanachama,

Kama katiba ya chama chetu inavyoagiza, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka unaomalizika. Masuala ya fedha na ada yamo katika taarifa ya mhazini, nami sitayarudia. Nitazungumzia kazi iliyochukua karibu vikao vyetu vyote vya mafunzo, yaani programu za eksiti za CICS, mfumo wa IBM wa kuendesha miamala kwenye kompyuta kuu (mainframe). Eksiti ni programu ndogo za mteja ambazo CICS huziita katikati ya kazi yake, na wengi wetu tumezirithi kazini pamoja na miito ya XPI iliyomo ndani yake, yaani njia ambayo eksiti huiomba CICS huduma.

IBM iliitoa CICS mwaka 1969, na tangu 1974 inaendelezwa Hursley, karibu na Winchester, Uingereza. Mfumo huu, unaobeba miamala ya benki na bima, uliachiwa nafasi ili mteja aurekebishe bila kugusa msimbo wake: katika hatua maalumu za kazi, CICS huiita programu ya mteja, huipa taarifa za tukio linaloendelea, kisha hupokea uamuzi wake. Programu hiyo ikihitaji nafasi ya kumbukumbu, kufunga rasilimali ili kazi nyingine isiitumie, kuandika alama za ufuatiliaji au kutoa dampu (nakala ya yaliyomo kwenye kumbukumbu kwa ajili ya uchunguzi), huomba kwa makro (maagizo yaliyotayarishwa) za XPI kama vile DFHSMMCX, DFHNQEDX, DFHTRPTX na DFHDUDUX.

Kikao kilichonifurahisha zaidi kilihusu mwito mmoja tu, ule wa kuomba kumbukumbu kwa DFHSMMCX. Tuliupitia mstari kwa mstari. Kabla ya mwito, rejista ya 13 ya kichakataji ni lazima iwe na anwani inayotolewa katika UEPSTACK, na orodha ya vigezo ijengwe katika eneo linaloonyeshwa na UEPXSTOR (vyote viwili ni vigezo ambavyo CICS huipa eksiti), kwa sababu kazi nyingi hutumia nakala moja ya programu nayo hairuhusiwi kubadilisha msimbo wake yenyewe. Baada ya mwito, jibu laweza kuwa OK, EXCEPTION, DISASTER, INVALID, KERNERROR au PURGED. Hapa ndipo programu nyingi za zamani zinapopwaya: hukagua OK, na majibu mengine yote huyatia kapu moja. Ilhali PURGED maana yake ni kwamba kazi yenyewe imekatishwa, na eksiti inapaswa kurudisha UERCPURG (msimbo wa kuiarifu CICS kwamba kazi imekatishwa) badala ya kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Suala la kasi nalo lilijadiliwa kwa kina. Eksiti ya XEIIN huitwa kabla ya kila amri ya EXEC CICS (amri ambayo programu hutumia kuiomba CICS huduma), kwa hiyo uzito mdogo ndani yake hujirudia mara nyingi mno katika siku moja ya kazi. Tena, ikiwa haikutangazwa kuwa THREADSAFE (salama kuendeshwa na kazi nyingi kwa wakati mmoja), muamala unaoendeshwa kwenye TCB ya wazi (TCB ni uzi wa utekelezaji wa mfumo wa uendeshaji) hurudishwa kwanza kwenye TCB ya QR, ambayo kazi huitumia kwa zamu, eksiti ikafanya kazi yake, kisha muamala ukarejeshwa ulikotoka. Hata hivyo, nawasihi msibadilishe tangazo hilo kabla ya kuhakikisha kwamba eneo la kumbukumbu linalotumiwa kwa pamoja na eksiti linalindwa, maana mifumo inayoharibu hesabu kimyakimya ni mibaya kuliko inayochelewa.

Msimamo wa kamati, ambao nauunga mkono kwa moyo wote, ni kwamba kila eksiti ithibitishe haja ya kuwepo kwake. Baadhi ya kazi zilizoandikwa zamani kwa asembla (lugha ya kiwango cha mashine), hasa za kuzuia muamala unaotumia rasilimali kupita kiasi, leo hufanywa kwa sera za CICS yenyewe, yaani kanuni anazoziweka msimamizi. Eksiti itakayobaki iwe na msimbo wake chanzo mahali panapojulikana, maelezo ya sababu zake, na jina la anayeitunza. Wazee walioziandika wanastaafu, na dampu haiwezi kumweleza mrithi wao ni kwa nini tawi fulani liliwekwa.

Kwa wale wanaohamia toleo la 6.2 la CICS, lililotoka mwaka 2024, pitisheni eksiti zote upya kwenye asembla kwa maktaba za toleo hilo, kisha mzijaribu katika rijini (mfumo mmoja wa CICS unaoendeshwa peke yake) ya majaribio, zikiwemo njia za makosa ambazo hazitokei kila siku.

Katika mwaka ujao kamati inapendekeza tuandae mwongozo wa ukaguzi wa eksiti kwa Kiswahili, ukianza na miito ya kumbukumbu na ya kufunga rasilimali. Wanachama walio tayari kuandika au kuhakiki sura wajiandikishe kwa katibu kabla ya mkutano mkuu, ambapo pendekezo hili litapigiwa kura.

Mwenyekiti