Mhariri, hiyo 88,500 mmetutisha bure

Mhariri,

Kama we ni mkubwa kwangu shikamoo, kama ni mdogo basi habari za kazi. Makala yenu kuhusu visa ya mwenza ya Uingereza nimeisoma mara mbili, na ile mara ya pili nilikuwa nimeshakasirika kidogo. Mmeandika kwamba mtu asiyefikisha mshahara wa pauni 29,000 kwa mwaka lazima awe na akiba ya pauni 88,500, mkaishia hapo, nukta. Namba yenyewe ipo kweli sibishi, ila kwa hivyo mlivyoiweka mmewatisha watu ambao haiwahusu, halafu wale wenye hela tayari, ambao ndo wanaoanguka kila siku, hamjawaambia chochote. Kuna dada tunafanya naye kazi huku alinitumia ile kurasa usiku wa manane akaniandikia "basi mwaya mi nimeshakata tamaa, mume wangu atakuja kunizika tu". Huyu ana mshahara wa 24,000! 88,500 hata haimhusu.

Hesabu iko hivi, naomba mnichapishie hata kwa herufi ndogo chini ya matangazo. Unachukua 29,000 unatoa mshahara wako, kinachobaki ndo pengo. Pengo unalizidisha mara mbili na nusu, halafu juu yake unaongeza 16,000. Basi. Yule dada pengo lake ni 5,000, ukizidisha inakuwa 12,500, ukiweka na 16,000 unapata 28,500, hiyo ndo akiba anayotakiwa kuonyesha. Mwenye mshahara wa 28,000 anatakiwa 18,500. Ile 88,500 yenu ni ya mtu ambaye hana hata senti ya kipato, yaani pengo lake ni 29,000 nzima.

Mtu atauliza hiyo 16,000 imetoka wapi, na hata mimi niliuliza. Ni kwamba huku ukiwa na akiba inayozidi 16,000 hupewi zile posho za serikali za watu wenye kipato cha chini, kwa hiyo wakasema hiyo 16,000 ya kwanza isihesabiwe, tuangalie kilicho juu yake. Na mbili na nusu ni kwa sababu ruhusa ya kukaa inahesabiwa kwa vipande vya miaka miwili na nusu, wanataka pengo la kila mwaka liwe limeshazibwa kabla hujaanza. Ina mantiki yake, ila ina vituko pia, maana mtu aliyepungukiwa pauni moja tu kwenye mshahara anatakiwa aonyeshe akiba ya pauni 16,002 na nusu. Kwa pauni moja!

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Mimi nafanya kazi ya kuwahudumia wazee, siku nne kwa wiki, napata 21,000. Pengo langu 8,000, mara mbili na nusu 20,000, na 16,000, jumla 36,000. Tulikuwa nazo. Mimi nilikuwa na 22,400 nilizozikusanya kwa miaka saba, za kujinyima hasa, nguo za mitumba na basi badala ya treni, na mume wangu alikuwa na kama 14,000 kwenye akaunti yake huko nyumbani. Na hapa niseme kitu ambacho makala yenu haikugusa kabisa: mshahara wa huyo anayeombewa visa, akiwa bado anafanya kazi nje ya Uingereza, hauhesabiwi hata awe meneja wa wapi sijui, lakini akiba yake inahesabiwa! Watu wengi hawalijui hili, wanamwacha mume au mke kule na hela zake benki halafu huku mwenzie anajiua kwa shifti za usiku kutafuta kitu ambacho tayari kipo ndani ya ndoa. Inaweza kuwa kwa jina lake, kwa jina lako au akaunti yenu wote wawili. Ya baba mkwe haikubaliki, ya kaka haikubaliki, hata waape.

Basi tukawa na 36,400. Wakala tuliyempa kazi (simtaji, anajijua) akaangalia salio la mwisho akasema mko vizuri, tumeni. Tukatuma mwishoni mwa 2024, nikalipa 1,846 ya maombi na 3,105 ya huduma ya afya, yaani 1,035 kwa mwaka kwa miaka mitatu, karibu elfu tano zimeondoka kwa kubofya mara moja. Baada ya miezi kadhaa barua ikaja, imekataliwa.

Kisa? Mwezi wa nne wa akiba yetu mama yangu alilazwa ghafla, nikatoa 1,200 za tiketi na hospitali, nani asingetoa? Siku tisa baadaye nikazirudisha zote, nilikopa kwa rafiki nikazirudisha haraka nikajua mambo yameisha. Kumbe hawaangalii salio la siku unayotuma tu, wanataka kile kiasi kiwe kimelala pale miezi sita mfululizo kabla ya kutuma, na kama ndani ya hiyo miezi salio limeshuka basi wao wanahesabu pale liliposhuka chini kabisa. Kwa siku tisa sisi tulikuwa na 35,200. Tulipungukiwa 800 kwa siku tisa, mhariri, na kwa hizo siku tisa ndoa yangu imesogezwa mwaka mzima. Zile 3,105 za afya zilirudishwa, 1,846 haikurudi. Ukiomba tena unalipa upya, na kuanzia Aprili 2025 wameshapandisha ikawa 1,938.

Nilikaa kitandani na zile steitimenti nimezitandaza nikawa nazipigia mstari kwa kalamu kama mwalimu anayesahihisha, na ule mstari wa mwezi wa nne ulikuwa unaonekana wazi kabisa, mtoto wa darasa la tano angeuona. Wakala hakuuona kwa sababu hakutazama. Na mimi sikuuona kwa sababu nilikuwa naangalia namba ya mwisho, kama ninyi kwenye makala yenu.

Kwa hiyo tatizo kubwa siyo kiasi, ni muda na jina, na ni wapi hela ilitoka. Utasikia ndugu wanakushauri "kopa kwa mjomba weka wiki mbili piga picha rudisha". Jamani msifanye hivyo. Kwanza wiki mbili si miezi sita. Pili lazima uandike hela ilitoka wapi, na mkopo haukubaliki, kabisa. Zawadi inakubalika, mjomba akikupa ukapewa kweli, isiwe ya kurudisha, na ikae kwako hiyo miezi sita kama hela yako nyingine yoyote. Ukiandika zawadi wakati ni mkopo umeshadanganya, na kukataliwa kwa udanganyifu siyo sawa na kukataliwa kwa kupungukiwa, lile la udanganyifu linakufuata kila fomu utakayojaza baadaye.

Wale wa upatu nao. Upatu wenyewe hauna ubaya, mimi mwenyewe ndo umenilea huku, ila zamu yako ikija miezi miwili kabla ya kutuma ujue hiyo hela bado mbichi. Iombe zamu ya mapema halafu uilaze. Mwenye kiwanja au nyumba yeye ana nafuu kidogo, akiuza kitu ambacho kilikuwa chake tayari kwa hiyo miezi sita anaweza kuunganisha muda wa umiliki na muda wa hela kuwa benki, mradi ana hati na karatasi za mauzo zinazosomeka na kuonyesha bei. Shamba lililouzwa kwa kupeana mkono chini ya mwembe hilo sijui utalionyeshaje.

Hela ya kwenye akaunti ya muda maalumu inakubalika kama unaweza kuitoa muda wowote hata kwa kukatwa faini. Na kama akiba iko kwa shilingi wataibadilisha kwa bei ya siku uliyotuma maombi, siyo bei ya siku uliyoiweka, kwa hiyo jamani wekeni cha ziada, usiende na kiasi kilekile kamili kama unanunua mkate. Sisi tulikuwa na ziada ya 400 tu. Nikifikiria sa hizi nacheka, 400!

Halafu kuna hili la watu waliojiajiri ambalo linaniuma zaidi hata ya kwangu. Kuna kaka mmoja hapa jirani anaendesha teksi, amejiajiri, anapata kama 25,000 na ana akiba nzuri tu, 40,000, amekaa nazo muda mrefu hajagusa. Kwa hesabu ile ya juu ungesema huyu amepita kwa raha. Hapana! Kipato cha aliyejiajiri hakiruhusiwi kuchanganywa na akiba. Aidha biashara yenyewe ifikishe 29,000 au akiba peke yake ifikishe 88,500, katikati hakuna. Mwenye kuajiriwa anachanganya, mwenye kujiajiri hachanganyi. Nimejaribu kuielewa sababu yake nimeshindwa, na wakili niliyemuuliza alinyanyua mabega tu. Kama kuna msomaji anaijua aniandikie kupitia kwenu.

Sisemi sheria ni nzuri. Ilianza Julai 2012 ikiwa 18,600, wakati huo asiye na kipato alitakiwa akiba ya 62,500, na watu walilia hivyohivyo. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, 2017 majaji wakasema kuwa na kiwango siyo kosa lakini maslahi ya watoto lazima yazingatiwe na vyanzo vingine vya hela viangaliwe pale ambapo kukataa kutakuwa ukatili kwa familia. Kwa hiyo kuna kamlango kadogo kwa wenye mazingira magumu kweli, ila mtu asiyapangie maisha kupitia kamlango. Tarehe 11 Aprili 2024 ndo kikapanda kwa mkupuo mpaka 29,000, na mpango ulikuwa kiende 34,500 halafu 38,700, serikali iliyoingia Julai ya mwaka huohuo wa 2024 ikasimamisha. Waliokuwa wameshaingia kwenye njia hii kabla ya hiyo Aprili na wako na mwenza yuleyule wanaendelea na 18,600 yao, hilo nalo mngeandika maana kuna watu wanaogopa kuhuisha visa wakidhani wamehamishiwa kiwango kipya. Na wale ambao mwenza aliyeko huku anapokea posho ya ulemavu au ya kumtunza mgonjwa, kwao 29,000 haitumiki, wanapimwa kwa kipimo kingine chepesi zaidi.

Ah, na kitu kimoja cha wale watakaofika mwisho kuomba ukazi wa kudumu: pale pengo halizidishwi tena mara mbili na nusu, linahesabiwa mara moja. Asiye na kipato kabisa anaonyesha 45,000 badala ya 88,500. Kwa hiyo ukifika pale mwisho mzigo unapungua, msikae mnaota 88,500 hadi mnazeeka.

Steitimenti nazo. Ziwe za miezi yote sita bila kuruka, ya mwisho isizidi siku 28 kabla ya kutuma, na kama umezichapisha mwenyewe kutoka kwenye intaneti peleka benki wakugongee muhuri au wakupe barua. Kuna mtu alituma picha za simu. Picha za simu!

Mume wangu alivyosikia tumekataliwa alinyamaza muda kwenye simu halafu akaniuliza mama anaendeleaje. Nikamwambia mama mzima, anapika. Akasema basi hizo siku tisa hazikupotea. Mimi bado sijafika huko, mimi bado nina hasira, lakini hela tumeanza kuzilaza upya, safari hii 38,500, na tumeshamaliza mwezi wa tatu. Kadi ya ile akaunti anayo dada yangu, nimemwambia hata nikimpigia simu nalia asinipe, akija mgonjwa tutachangishana kwanza.

Ni mimi msomaji wenu,
Mke wa kwenye simu, Uingereza