Mlima ambao kila mtu anabeba wake

Tacoma, Marekani, 21 Septemba

Baba Neema, mgumu mwenzangu wa kubeba mizigo ya wageni Kilimanjaro,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Mama Neema hajambo? Watoto? Na ile migomba ya bondeni, mwaka huu imepata maji au mmegombana tena na majirani kwa ajili ya mfereji?

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa ghalani, zamu ya usiku, nikacheka mpaka msimamizi akaja kuona kuna nini. Umeniuliza: "Eti unapanda mlima siku yako ya mapumziko, na hulipwi?" Jibu lake haliwezi kuenea kwenye simu, ndiyo maana nimechukua karatasi.

Ni kweli, silipwi. Tena ninalipa mimi: getini, mafuta ya gari, viatu. Na siko peke yangu. Huku utamkuta daktari mzima, mtu mwenye nyumba na gari mbili, Jumamosi alfajiri anajitwisha hema lake, jiko lake na chakula cha siku tatu, anaingia porini. Hakuna mgumu, hakuna mpishi, hakuna wa kumpelekea maji ya moto ya kunawa mlangoni pa hema. Hata kiongozi halazimishwi kuwa naye. Ukipotea, umepotea na akili zako. Wazee wa getini Machame wakisikia haya watasema watu wa huku wamelogwa.

Mlima wenyewe unaitwa Rainier. Kutoka hapa kwangu ni kama masaa mawili kwa gari hadi mahali panapoitwa Paradise, ambapo njia nyingi zinaanzia. Jina la Rainier lilitolewa mwaka 1792 na nahodha Mwingereza, George Vancouver, kwa heshima ya rafiki yake wa jeshi la majini ambaye hakuwahi kuuona mlima huo maishani mwake. Wenyeji wa asili walikuwa na jina lao tangu zamani, Tahoma, na wengi bado wanaliita hivyo. Mimi nasema Tahoma. Nikisema Rainier nahisi kama mtu anayekiita kilele chetu cha Kibo kwa jina la yule Kaisari wa Ujerumani.

Kilele chake ni mita 4,392. Nilipoiona namba hiyo mara ya kwanza nilidharau, nakiri kwako. Nikasema, kambi yetu ya Barafu kule Kilimanjaro tu iko juu kuliko hapo, na mimi Barafu nimelala mara ngapi sijui, nikiwa na gunia la viazi kichwani. Basi Juni ya mwaka wangu wa kwanza nikaenda peke yangu. Nimevaa jinzi. Nimevaa raba. Mkononi chupa moja ya maji, mfukoni maandazi manne.

Juni huku si kiangazi cha mlimani. Paradise yote ilikuwa nyeupe. Pale huanguka theluji ambayo huwezi kuamini nikikwambia: msimu wa 1971 na 1972 walipima zaidi ya mita 28. Hakuna njia inayoonekana, kuna nyayo tu za waliotangulia. Nikazifuata nyayo kwenda juu, najiona shujaa, napita watu. Kama saa nane mchana ukungu ukashuka. Unaujua ukungu wetu wa Shira. Huu wa huku ni kama mtu amekufunika kichwa na shuka. Juu nyeupe, chini nyeupe. Nikageuka nirudi, nyayo zimejaa theluji mpya. Jinzi imeloa hadi mapajani, na unajua jinzi ikiloa. Vidole sikuvisikia. Nikaanza kushuka upande ambao miguu ilipenda, kuliani kidogo, kwa sababu kulikuwa na mteremko laini.

Nikasikia filimbi. Nikadhani ni yule mnyama wa huko, mnene kama pimbi aliyekula mbege, maana naye hupiga mluzi. Kumbe ni mtu. Bibi kizee, Baba Neema, miaka sabini na ushee, begi mgongoni, fimbo mbili mikononi, peke yake. Akanitazama kuanzia raba hadi kichwani, asiseme neno baya. Akatoa ramani ya karatasi na dira, akanionyesha. Kule nilikokuwa naelekea ni barafu ya Nisqually, yenye nyufa ambazo ukitumbukia humo hutafutwi na mtu siku hiyo. Akanivalisha koti lake la akiba, likanifika viwikoni, tukashuka. Yeye mbele, mimi nyuma, kama mgeni wa siku ya kwanza. Pole pole, nilimwambia kwa Kiswahili, na akaelewa! Alishawahi kupanda Kibo.

Njia nzima nilikuwa namtazama mgongo. Nyuma ya begi lake palining'inia kifuko cha bluu, kinachezacheza kila anapokanyaga. Njaa ilikuwa inaniuma, maandazi yalishakwisha. Nikajua ni chakula. Tulipopumzika nikamuuliza kwa adabu kama kuna kitu cha kutafuna mle ndani.

Alicheka mpaka akakaa kwenye theluji.

Ni kinyesi chake. Ndiyo utaratibu wa mlima ule: juu kwenye theluji na barafu hakuna kuchimba wala kuficha kwenye jiwe, kwa sababu pale hakiozi, kinakaa miaka, halafu barafu ikiyeyuka kinashuka na maji. Kwa hiyo wanakupa mifuko ya bluu, kila mtu anabeba chake hadi kwenye mapipa maalumu. Profesa anabeba chake, bilionea anabeba chake.

Nilinyamaza muda mrefu. Nilikumbuka ile safari yetu ya njia ya Lemosho, mimi na choo cha wageni mgongoni, siku saba, na wewe ukinitania kwamba nimepandishwa cheo. Ulikuwa unaimba ile nyimbo yako. Sikukwambia siku ile, lakini usiku niliona aibu. Si kwa sababu ya kazi, kazi ni kazi na ilinilipia ada ya mdogo wangu. Ni kwa sababu yule mgeni alipita karibu yangu njiani akaziba pua, na mzigo ule ulikuwa wake.

Basi tangu siku ya yule Bibi nikawa mwanafunzi. Alinifundisha Vitu Kumi, orodha iliyotungwa miaka ya 1930 na chama cha wapanda milima cha Seattle kiitwacho The Mountaineers: ramani na dira, taa, nguo za ziada, kiberiti, kisu, chakula cha akiba na kadhalika. Hutoki bila hivyo, hata kama unakwenda masaa mawili. Alinifundisha kukanyaga penye njia tu. Agosti theluji ikiisha, Paradise inageuka bustani, maua ya zambarau na mekundu hadi macho yanachoka, lakini yana wiki chache tu za kuchanua na kuzaa mbegu kabla theluji haijarudi. Ukilikanyaga jani moja leo, kidonda hicho huchukua miaka mingi kupona. Wamefunga kamba pembeni mwa njia, na sehemu zilizoharibika wanaotesha miche kwenye vitalu halafu wanairudisha mlimani, mche mmoja mmoja. Nimewahi kumwona mzazi akimkemea mtoto wa miaka mitano kwa kuvuka kamba ili apigwe picha. Mtoto alilia. Mimi nilikuwa upande wa mzazi.

Kuna kitu kingine nataka ukijue maana wewe ni fundi wa mikono. Mwaka 1964, Septemba 3, Rais Johnson alitia saini Sheria ya Nyika. Aliyeiandika anaitwa Howard Zahniser. Aliiandika na kuirudia mara sitini na sita, miaka inapita, wabunge wanabisha, na akafariki miezi minne tu kabla ya saini. Sheria inasema kuna maeneo ambayo binadamu ni mgeni tu, anapita, hakai. Humo hakuna barabara, hakuna gari, hakuna injini. Hata baiskeli. Hata toroli! Karibu hifadhi yote ya Tahoma imo kwenye sheria hiyo tangu 1988.

Sasa mti mkubwa ukianguka njiani ndani ya nyika, unafanyaje bila msumeno wa injini? Bibi alinipeleka nione. Mwezi Julai tulikwenda na kundi la Washington Trails Association, watu wa kujitolea, kwenye nyika ya Alpine Lakes, kaskazini-mashariki ya hapa. Wakanipa kofia ngumu ya kijani. Tulitembea masaa matatu na zana mabegani mpaka tukakuta mti wa aina ya msonobari umelala juu ya njia, unene wake unanifika kiunoni. Wakatoa msumeno wa watu wawili, mrefu kuliko mimi, wa zamani, wa mpini wa mti kila upande. Nilijua huu, baba yangu alipasua mbao Kibosho kwa msumeno kama huo.

Nikaanza kusukuma kwa nguvu, si unanijua. Mwenzangu wa upande wa pili, binti mwembamba, akasema hapana: unavuta tu, halafu unaachia, unamwacha mwenzako avute. Ukisukuma, msumeno unapinda na kukwama. Nikamtii. Baada ya dakika kumi tukapata mwendo, na msumeno ukaanza kuimba, na kutoka kwenye mkato yakamwagika maganda marefu, laini, yamejikunja kama tambi. Wanasema ukiona tambi, meno yamenolewa vizuri. Ukiona vumbi, yamekufa. Mkato ulipoingia robo tatu wakagonga kabari juu ili gogo lisiubane msumeno. Ilituchukua zaidi ya saa moja kwa mkato mmoja, na ilibidi tukate miwili. Kisha tukakaa chini, tukalisukuma gogo kwa miguu, watu sita migongo chini kama mende, likabingirika bondeni na njia ikafunguka. Mikono yangu ilitoa malengelenge wiki nzima.

Kazi hiyo inahitajika sasa kuliko zamani, maana mapema 2025 serikali iliwaachisha kazi wafanyakazi wengi wa hifadhi na misitu. Bibi hapendi kulizungumzia. Anasema tu, "Tutanoa misumeno."

Sasa usidhani nimekuwa mtu wao kabisa. Hilo neno la binadamu kuwa mgeni nilimbishia Bibi wazi. Mgeni wa nani? Wenyeji wa asili, Wayakama, Wanisqually na wenzao, walikuwa wakipanda Tahoma kila mwaka kuwinda na kuchuma matunda kabla hifadhi haijatangazwa mwaka 1899. Wazungu wawili waliofika kileleni mwaka 1870, Stevens na Van Trump, walionyeshwa njia na mwenyeji aitwaye Sluiskin. Yeye aliishia kwenye theluji, akawasihi wasiende, akawaambia juu kuna ziwa la moto. Wakaenda, wakalala usiku kwenye pango la mvuke kileleni, wakarudi hai. Vitabu vinawasifu hao wawili. Sluiskin amebakiwa na jina kwenye maporomoko ya maji. Nilimsimulia Bibi kuhusu Mzee Lauwo wa Marangu, anayesemekana kumwonyesha njia ya Kibo Mjerumani Hans Meyer, 1889. Na nikamsimulia ile nusu maili yetu ya msitu, jinsi ilivyoingizwa hifadhini mwaka 2005 na mama zetu wakawa wanakimbizwa kwa mzigo wa kuni na majani ya ng'ombe. Nilimwambia, mlima unaweza kulindwa na watu wake wakiwa ndani yake, na sijaona sheria inayojua hilo vizuri, ya kwenu wala ya kwetu. Alifikiri, akasema nina haki. Halafu akaniuliza kama wageni wetu kule bado wanatupa karatasi za choo nyuma ya mawe. Nikakosa jibu, maana wewe na mimi tumeziokota.

Kwa hiyo hili ndilo ombi langu. Desemba nakuja nyumbani, nitapanda nikiwa mgeni, na kiongozi lazima awe wewe, nitakulipa bei ya Mzungu na bakshishi juu. Wagumu chukua wawili tu, vijana wanaohitaji ada, na walipwe vizuri. Lakini begi langu nabeba mwenyewe, tulipime kwenye mizani ya getini mbele ya kila mtu, usinihurumie. Wakicheka waache wacheke. Nataka tuione ile barafu ya Kibo pamoja. Wanasema zaidi ya asilimia 80 imekwisha tangu 1912, na wewe uliniambia ukuta ule wa barafu karibu na Stella, chini kidogo ya kilele, umerudi nyuma tangu niondoke.

Yule Bibi naye anataka kuja. Nimemwambia atafute nauli, chumba kipo kwa Mama.

Mifuko ya bluu nimeshafunga sandukuni, dazeni nzima. Sita ni yako. Mama Neema asiifungue akidhani ni zawadi.

Ndugu yako wa Kibosho