Mama mwenye mafua asizuiwe kunyonyesha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie ushauri ambao bado unatolewa majumbani, na mara nyingine hata na watumishi wa afya, kwamba mama aliyeshikwa na mafua, homa au tumbo la kuharisha asimnyonyeshe mwanawe mpaka apone. Nia ni njema, kwa kuwa hakuna apendaye mtoto aambukizwe, lakini ushauri huo humnyima mtoto kinga wakati ule ule anapoihitaji zaidi.

Mtoto huzaliwa na kingamwili, yaani protini za kupambana na vijidudu, alizopata kwa mama kupitia kondo la nyuma, nyingi zikiwa za aina iitwayo imunoglobulini G, ambazo huzunguka katika damu yake na kupungua kadiri miezi inavyopita. Njiti huzaliwa nazo chache, maana sehemu kubwa huvuka katika miezi 3 ya mwisho ya mimba. Hata hivyo, vijidudu vingi hupitia puani, kooni na utumboni, na huko mwili wa mtoto mchanga bado hautengenezi kinga ya kutosha. Pengo hilo huzibwa na maziwa ya mama, yaliyosheheni kingamwili za aina nyingine, imunoglobulini A, hasa yale ya kwanza yaitwayo dang'a, ambayo inasikitisha kwamba wapo wanaoyakamua na kuyamwaga.

Namna kinga hiyo inavyofika titini ndiyo kiini cha hoja yangu. Mama anapovuta kijidudu kwa pumzi au kukimeza, seli nyeupe za aina ya B zilizo katika njia zake za hewa na utumbo wake hukitambua, kisha baadhi yake husafiri kwa damu hadi kwenye tezi za maziwa, zikatulia humo na kutengeneza kingamwili dhidi ya kijidudu hicho hicho. Seli za tezi huzipokea kingamwili hizo na kuzivusha hadi kwenye maziwa, na katika kuzivusha huzipachika kipande cha protini kinachozikinga zisimeng'enywe kirahisi tumboni mwa mtoto. Zikifika utumboni hunasa vijidudu na kuvizuia visijishikize kwenye ukuta wa utumbo, tena bila kuchochea uvimbe ambao ungemdhuru mtoto mwenyewe.

Sasa tumtazame mama anayekohoa leo. Kwa kawaida amekwisha kumpumulia mwanawe tangu kabla hajajijua kuwa anaumwa, kwa hiyo kumtenga mtoto na titi hakuondoi kijidudu alichokwisha kukipata, bali huondoa kingamwili zinazopambana nacho. Zaidi ya hayo, titi lisilonyonywa hujaa, huuma, na baada ya siku chache maziwa hupungua.

Jambo hili si geni katika sayansi. Mwaka 1892 Paul Ehrlich wa Ujerumani alionyesha kwamba watoto wa panya waliozaliwa na mama asiye na kinga dhidi ya sumu fulani za mimea walipata kinga hiyo waliponyonyeshwa na panya aliye nayo. Tangu hapo tumejua pia kuhusu laktoferini, inayowanyima bakteria madini ya chuma, na lisozaimu, inayovunja kuta zao. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa na apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6.

Sisemi kwamba hakuna tahadhari. Mama mwenye mafua anawe mikono kwa sabuni, avae barakoa anaponyonyesha, na akiwa hoi akamuliwe maziwa ili mtoto anyweshwe kwa kikombe. Zipo pia hali chache ambazo daktari atamzuia kweli, kwa mfano mama anayetumia baadhi ya dawa za saratani, na mama anayeishi na virusi vya Ukimwi anyonyeshe huku akitumia dawa zake na kufuatwa kwa karibu na kliniki.

Ombi langu kwa watumishi wa afya ni kwamba, kabla ya kumwambia mama aache kunyonyesha, wamtajie ugonjwa au dawa inayomlazimu kuacha. Kwako Mhariri, naomba ukurasa wako wa afya uwaeleze wasomaji jinsi kingamwili hizi zinavyofanya kazi, ili mama akijibiwa tu kwamba "anaumwa", ajue la kuuliza.

Wako,
Mkunga mstaafu